Msomaji Ajipangie Habari Zake

Mfanyabiashara wa mahindi katika soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, kila siku anataka kujua bei, mwenendo wa mvua na tamko lolote la serikali kuhusu kuuza nafaka nje ya nchi. Habari hizo zipo mtandaoni. Zinazomfikia kwanza, hata hivyo, ni zile za magrupu ya WhatsApp: picha ya barua isiyo na tarehe, sauti ya mtu asiyejulikana, kichwa cha habari kilichokatwa nusu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na mtumishi aliyehamia Mji wa Serikali wa Mtumba hawana nafuu. Dodoma, yenye Bunge na wizara zote, inasoma habari kwa kubahatisha.

Dawa yake ipo tangu 1999, nayo ni mlisho wa RSS. Tovuti hutoa orodha ya habari zake mpya katika mpangilio ambao programu inaweza kuusoma. Programu iliyo kwenye simu yako huzipitia tovuti ulizochagua mwenyewe na kukuwekea vichwa vyake mahali pamoja, kwa kufuata tarehe.

Watanzania waliingia kwenye blogu mapema: Ndesanjo Macha na Jikomboe yake 2004, Issa Michuzi 2005, mwaka uleule Google ilipoanzisha Google Reader, programu yake ya kusoma milisho. Google iliifunga huduma hiyo Julai 1, 2013. Wasomaji wengi duniani wakabaki Facebook, ambako kampuni ndiyo inayoamua uone nini. Huku kwetu, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zikawadai wenye blogu ada za leseni zilizozidi shilingi milioni 2, na baadhi wakafunga. Naliona hilo kuwa hasara kubwa kwa uandishi wa Kiswahili.

Waliobaki wanafuatika. Pakua Feedly au Inoreader. Unaweza kuzitumia bila malipo. Kwa blogu iliyojengwa Blogger, ongeza /feeds/posts/default mwishoni mwa anwani yake. Kwa ya WordPress, kwa kawaida /feed inatosha. Vichwa vya habari ni maandishi tu, havimalizi bando kama video. Kisha hifadhi orodha yako katika faili la OPML, ili programu moja ikifungwa uihamishie nyingine. Waliofanya hivyo Google Reader ilipofungwa 2013 hawakupoteza orodha zao.

Mlisho hauthibitishi ukweli wa habari. Unakuonyesha imetoka wapi na lini, mambo ambayo barua ya kwenye grupu huyaficha, na mfanyabiashara anayetaka kupakia lori hawezi kuamua bila hayo.

Nanyi mnaosimamia tovuti za wizara, halmashauri na taasisi: wekeni mlisho, na anwani yake ionekane ukurasa wa mbele. Mwananchi asisubiri tangazo lenu limfikie kwa kutumiwa na jirani.