Safari ya Usambara: Ramani ni Fupi, Njia ni Ndefu

Kila ufikapo mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekwisha na upepo wa vumbi umeanza kuvuma katika nyanda zetu hizi za Dodoma, mazungumzo ya nyumba nyingi huelekea kwenye likizo ya watoto. Wapo wanaoitamani bahari, na wapo wanaoitamani milima. Sisi katika familia yetu tumekwenda Lushoto, katika milima ya Usambara, mara mbili. Mara ya kwanza tulikosea. Mara ya pili tulijirekebisha, ingawa tulikuwa tumekwisha chelewa. Tumeona ni wajibu kuwaeleza wasomaji wa ukurasa huu habari zote mbili, kwani mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Asili ya safari ni mama yetu mzazi. Alizaliwa katika kijiji kimoja juu ya Soni, akaolewa huku Dodoma angali binti, na tangu wazazi wake walipofariki hakuwa amerudi kwao. Magoti yake sasa humsumbua, na haja yake ilikuwa moja tu: kumwona dada yake, ambaye kwetu ni mama mkubwa, na kuwaombea dua wazazi wake mahali walipozikwa.

Mwaka ule wa kwanza tuliitandaza ramani mezani, tukaona Usambara Magharibi yote inafunikwa na kiganja cha mkono. Tukaandika ratiba ya siku tatu: siku ya kwanza Irente, siku ya pili msitu wa Magamba na kijiji cha Mtae, na siku ya tatu Soni pamoja na nyumbani kwa mama. Ulikuwa mwezi wa Desemba. Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri, njia ya udongo ikawa utelezi mtupu, na dereva akakataa kupanda, naye alikuwa na haki. Gari tulikuwa tumelikodi, nalo lilitakiwa kurejea kesho yake. Mama aliutazama mlima wa kwao kupitia kioo cha gari, akasema, "Haidhuru, wanangu. Nimeuona." Miezi saba baadaye ikatufikia habari kwamba mama mkubwa amefariki dunia.

Hatukuwa na wa kumlaumu ila sisi wenyewe. Tuliyatanguliza yanayopendeza macho, na lile lililotutoa nyumbani tukaliweka siku ya mwisho.

Kuchagua majira

Likizo za shule ni mbili kubwa, ya katikati ya mwaka na ya Desemba, na kila moja ina faida na hasara yake. Desemba hadi Februari ndio wakati wa matunda: mafyulisi, maplamu na mapeasi huuzwa kwa ndoo kando ya barabara. Lakini mvua za vuli huwa bado zipo, na njia za vijijini hazitabiriki. Juni na Julai matunda ni haba, baridi ni kali na ukungu hutanda asubuhi, lakini njia hupitika. Mwenye mzee au mtoto mchanga, mwenye jambo lisiloahirishika, na achague Juni. Achukue masweta, soksi nzito na mablanketi mawili ya ziada, kwani baridi ya huko si ile ya Dodoma inayokimbizwa na jua la saa tatu.

Njia na gari

Kutoka Dodoma hadi Lushoto ni takriban kilomita 600 kwa kupitia Morogoro, Chalinze, Segera na Mombo. Watu wengi hudhani kwamba safari nzima ni ya kupanda. Sivyo. Dodoma imeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Safari hushuka hadi Mombo, penye joto na mkonge, na hapo ndipo mlima huanza. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi tu, lakini ndani yake gari hupanda takriban mita 1,000, kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Masikio huziba, na watoto hutapika. Tangawizi, malimau na mifuko ya kutapikia iwe karibu, si kwenye buti la gari.

Kwa sababu hiyo tunashauri mambo mawili. La kwanza, pumzikeni usiku mmoja njiani, Morogoro au Korogwe, ili mlima muupande mchana. La pili, mwulizeni dereva kama amewahi kuupanda, na breki zikaguliwe kabla ya safari. Wakati wa kushuka, gia ndogo ndiyo ngao. Wasio na gari wanaweza kupanda treni ya mwendokasi, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, wakashuka Morogoro na kuunganisha kwa mabasi hadi Mombo, kisha wakapanda kwa magari madogo ya abiria.

Malazi

Safari ya kwanza tulilipia vyumba kwa simu bila kuuliza, tukakuta ngazi ndefu za mawe ambazo mama alizipanda kwa kushikwa mikono yote miwili. Safari ya pili tuliuliza: je, chumba kiko chini? Maji ya moto yapo alfajiri, au jioni tu? Mablanketi mangapi? Msikiti uko umbali gani? Chakula cha halali si tatizo, kwani Waislamu wa Usambara ni wengi, na sauti za adhana hupokezana kutoka kilima hadi kilima.

Ibada njiani

Msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza Swala za rakaa nne zikawa mbili, na ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Alfajiri na Magharibi hazipunguzwi. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huwa mkaazi na huswali kamili. Basi nia ya siku mnazokaa iwe wazi kabla hamjafika, na mwenye shaka amwulize sheikh wake.

Kupanga siku

Usambara ni ndogo kwa kilomita, ila ni kubwa kwa saa. Kwa hiyo pangeni jambo moja kwa siku, na lile kubwa liwe la kwanza. Irente, kilomita chache kutoka mjini, yatosha kwa asubuhi nzima: mtu husimama ukingoni mwa jabali akaitazama nyika ya Mazinde na Umasaini chini ya miguu yake. Hapo ndipo watoto wetu walipofahamu kwa nini Wasambaa huitofautisha nchi yao ya milimani, Shambaai, na nyika iliyo chini. Magamba ni ya siku nyingine. Msitu wake ni wa zamani mno, nao wana mbega weupe. Mtae iko mbali, mwisho wa milima. Safari ya pili tuliiacha, wala hatukujuta.

Kwa wale ambao mfuko hauruhusu, Kondoa ipo karibu, kilomita 160 hivi kutoka Dodoma kwa lami. Vilima vya Irangi vina hali yake ya hewa, na huko Kolo ipo michoro ya mapangoni iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Safari hiyo ni ya siku mbili, nayo watoto hawataisahau.

Safari ya pili

Tuliondoka mwezi wa Juni. Siku ya kwanza, kabla ya Irente na kabla ya chochote, tulipanda kijijini. Gari lilifika hadi penye mgomba wa mwisho. Hatua zilizobaki mama alitembea, akipumzika kila baada ya mti. Binti wa mama mkubwa alitupokea, akampeleka mama kwenye makaburi: mawili ya zamani na moja ambalo udongo wake ulikuwa bado haujaota majani. Mama aliomba dua kwa muda mrefu. Kisha akauliza katika lugha ya kwao, ambayo wajukuu hawakuwahi kumsikia akiisema, kama dada yake aliwahi kuambiwa kwamba mwaka ule alifika hadi Soni.

"Aliambiwa," akajibiwa. "Alikuwa amekwisha pika."

Wasomaji wetu, mkipanga safari ya likizo hii, anzeni kwa kuuliza ni nani anayesubiri huko mwendako. Irente itakuwapo mwakani, Inshaallah.