Benchi la Mbao Kuukuu

Wazazi wanapotutembelea shuleni huketi chini ya mwembe, juu ya majani. Muhula uliopita bibi yangu alishindwa kuinuka pale chini, mpaka wenzangu wawili walipomshika mikono. Jambo hilo lilinisikitisha sana. Wakati huo jiko la zamani lilikuwa limebomolewa, na mbao za paa lake zilingojea kuwa kuni. Tulimwomba Mwalimu atupe chache tutengeneze mabenchi, naye akakubali.

Ndugu msomaji, mbao kuukuu si kama mbao mpya za dukani. Kwanza hazina budi kuchunguzwa. Gonga kila ubao kwa nyundo: ulio mzima hutoa sauti kavu, ulioliwa na mchwa hulia kama debe tupu. Kisha uchome kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama, huo ni wa kuni. Za mninga tulizikuta nzima, lakini nyingi za msindano zilikuwa unga mtupu.

Pili ni kung'oa misumari. Hapa mimi nilikosa. Kwa haraka yangu niliacha kipande kilichokatika ndani ya ubao, na msumeno wa fundi ukavunjika meno matatu. Fundi hakunigombeza, alinipa tupa, nikachonga meno upya jioni mbili. Tangu siku hiyo hupitisha sumaku ya redio mbovu juu ya kila ubao kabla ya kuukata.

Tatu ni kuunga. Mahali pa kukalia pawe juu kiasi cha sentimeta 45, mtu mzima apate kuinuka bila taabu. Toboa tundu kwa kekee kabla ya kupiga msumari, maana mbao kavu hupasuka upesi. Kati ya ubao na ubao acha nafasi ya sentimeta 1, maji ya mvua yapite. Baina ya miguu tia ubao wa mshazari. Benchi letu la kwanza halikuwa nao, likayumba na kuanguka. Miguu usiifukie, bali iweke juu ya mawe bapa, kwani unyevu huozesha mti na mchwa hutoka udongoni.

Sasa tunayo mabenchi matatu. Siku ya wazazi bibi aliketi juu ya mojawapo, na alipotaka kwenda aliinuka mwenyewe. Basi, wadogo zetu mnaobaki shuleni, kabla hamjapeleka ubao jikoni, ugongeni kwanza.