Mgeni wa Mwaka 1591 na Elimu Yetu ya Bahari

Mwezi wa Novemba, mwaka 1591, merikebu ya Kiingereza iitwayo Edward Bonaventure ilitia nanga katika maji ya Unguja. Nahodha wake alikuwa James Lancaster. Kwa kadiri ya kumbukumbu zilizoandikwa, hicho ndicho chombo cha kwanza cha Waingereza kufika kisiwani kwetu, nacho kilikaa hapa hadi tarehe 15 Februari, 1592. Kisa cha safari hiyo kilisimuliwa na msaidizi wa Lancaster, Edmund Barker, kikachapishwa London mwishoni mwa karne ya 16. Twaona yafaa kisomwe tena Visiwani, si kwa kumtukuza mgeni yule, bali kwa sababu ndani ya kisa chake tunajiona wenyewe.

Wageni hao hawakufika kwa fahari. Waliondoka Plymouth mwezi wa Aprili wakiwa na merikebu tatu. Moja ilirudishwa kwao kutoka kusini mwa Afrika ikiwa imejaa wagonjwa wa kiseyeye. Ya pili ilipotea katika dhoruba. Iliyosalia ilipigwa na radi, na ilipofika Ngazija mabaharia wake wengi waliuawa pwani walikokwenda kutafuta maji. Basi walioingia Unguja walikuwa mabaki ya msafara, watu wachache waliochoka, na kazi yao ya mwanzo ilikuwa kuunda mashua mpya kwa mbao walizokuwa nazo melini.

Siku hizo Mji Mkongwe tuujuao, wenye majumba ya mawe na milango ya nakshi, ulikuwa bado haujajengwa. Kisiwa kilikuwa na mfalme wake, na Wareno walikuwa na kituo kidogo cha biashara. Wareno hao waliwatia wenyeji hofu kwamba Waingereza ni watu wakatili walao watu. Hata hivyo, wenyeji waliwapelekea nazi na matunda, na wageni wakapata kuku na ng'ombe. Wao wenyewe walitupa nyavu zao wakavua samaki kwa wingi. Mlingoti wao ulipotikiswa na radi nyingine, waliutengeneza kwa mti mwekundu mgumu uliokatwa hapa hapa. Walichukua pia shehena ya utomvu mfano wa ubani, ambao tunadhani ni sandarusi, wakautumia mahali pa lami. Barker akawausia mabaharia wa kwao watakaopita njia hii kwamba bandari ya Unguja ni njema na yafaa kutafutwa.

Lakini ukarimu haukulipwa kwa ukarimu. Waingereza waliteka chombo kimoja na kumkamata sharifu aliyekuwa ndani yake. Barker asema walimtendea kwa adabu. Hata hivyo walimzuia mpaka mfalme alipotoa chakula cha miezi miwili kwa ajili ya kumkomboa. Na siku chache kabla ya kuondoka walimchukua kwa nguvu mtumishi Mwafrika wa mkuu wa kituo cha Wareno, kwa sababu walisikia kwamba alikwisha kufika nchi za Mashariki na kuzijua.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kitu alichokikosa Lancaster si baruti wala matanga, alikosa elimu. Kila mtoto wa pwani ajua kwamba kaskazi huleta vyombo kwetu kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kwamba kusi ndiyo ivirudishayo. Lancaster aling'oa nanga katikati ya kaskazi kwenda Mashariki. Pepo na mikondo ikamtoa njiani, ikamsukuma mpaka upande wa Sokotra, wala hakuizunguka ncha ya kusini ya Bara Hindi ila mwezi wa Mei.

Barker alitazama pia vyombo vyetu, akaeleza jinsi vilivyofungwa kwa vijiti na kushonwa kwa kamba, na kukalafatiwa kwa makumbi ya nazi yaliyopondwa. Hii ni kazi ya namna ya mtepe. Lakini hakuandika jina la fundi hata mmoja. Jina la Lancaster limehifadhiwa, naye mwaka 1601 aliongoza msafara wa kwanza wa Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki. Sharifu, mfalme na yule mtumishi aliyetekwa wamebaki bila majina.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mtepe umekwisha kutoweka baharini. Mfano wake ulioshonwa na mafundi wa zama zetu uliwekwa Beit-el-Ajaib, na tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya jumba hilo ikaporomoka na roho za watu zikapotea. Hilo latosha kutufunza kwamba urithi usioangaliwa hauna subira.

Siku hizi uchumi wa buluu huzungumzwa katika kila ofisi. Nasi twaunga mkono. Lakini uchumi wa bahari hauwezi kusimama juu ya boti na majokofu peke yake. Twaomba wakuu wanaohusika watume watu Nungwi, Mkokotoni, Kizimkazi na Makunduchi, wakae na mafundi wa majahazi, manahodha na wavuvi wazee, wayaandike majina ya pepo, ya miamba, ya mitego na ya vipande vya chombo, pamoja na majina ya wasimuliaji wenyewe; na maandishi hayo yawekwe katika Nyaraka za Taifa na kusomeshwa skulini.

Na wananchi nao wasingoje. Mwenye mzee nyumbani na amuulize leo. Mgeni wa mwaka 1591 alikaa kwetu majira moja tu akaacha daftari. Sisi tuliokaa na bahari hii karne nyingi tutakuwa na udhuru gani?