Je, Wajua? Hita Yenye Matofali Tumboni

Zile hita nene za ukutani katika fleti nyingi za Uingereza zimejaa matofali. Usiku, umeme ukiwa wa bei nafuu, matofali hayo hupashwa moto mpaka nyuzi mia kadhaa za Selsiasi, kisha huachia joto polepole mchana kutwa. Mpango wa Economy 7, wenye saa saba za bei hiyo, ulianza 1978. Ajabu zaidi, hita nyingi ziliwashwa kwa ishara iliyofichwa ndani ya mawimbi marefu ya BBC Radio 4, na mfumo huo ulianza kuzimwa 2025.

Hita kuukuu huvujisha joto. Asubuhi chumba kinafukuta wenyewe wakiwa kazini. Wakirudi jioni, matofali yamepoa. Mzee anayeshinda nyumbani naye huumia, maana joto likiisha hulazimika kuwasha hita ndogo kwa bei ya mchana. Hita mpya huhifadhi joto vizuri zaidi, na nyingi zina feni ya kulisukuma linapohitajika.

Kuing'oa hita kuukuu si kazi ya kujaribu mwenyewe. Yaweza kuzidi kilo 100. Fundi hukata umeme, huiacha ipoe kabisa, hufungua bati la mbele na kutoa tofali moja moja. Tahadhari kubwa ni hii: baadhi ya zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1970 zina asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Hizo zisifunguliwe kabla ya kukaguliwa na mtaalamu.