Dabo ya hesabu saa nane mchana
Kama umesoma sekondari Kisii au Nyamira, unaijua hii: dakika 80 za hesabu, tumbo limejaa githeri, mvua ya mchana inagonga mabati. Kwetu ukisinzia ulipigishwa magoti mbele ya darasa. Nilipiga hadi nikazoea.

Mwalimu wa Kiswahili pekee ndiye, akiona vichwa vinashuka, alisema, "Simameni!" Tunanyoosha mikono, tunaruka papo hapo, tunacheka, tunaketi. Dakika mbili tu, macho yanafunguka.

Shirika la Afya Duniani linashauri vijana hadi miaka 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Sisi kipindi cha michezo kilimezwa na marudio ya KCSE. Noma.

Methali zake bado ninazo. Hesabu? Usiniulize.