Chumvi na uzito: kilo ya kwanza ni ya maji, ya pili inataka subira

UKIINGIA jikoni kwa wifi yangu, Wambaa, kisiwani Pemba, hutaona kijiko cha chumvi. Chumvi imo kwenye kifuu cha nazi kando ya jiko, na hutiwa kwa mkono. Samaki akioshwa, chumvi. Wali ukianza kuchemka, chumvi. Mchuzi ukikaribia kuiva, huonjwa kwenye kiganja, kisha huongezwa chumvi tena kidogo. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo tulivyokula sote.

Miezi minne iliyopita aliamua kuipunguza, na hakufanya hivyo kwa ajili ya urembo. Mama yetu alipooza upande mmoja mwaka jana kwa presha ambayo hakuwa akijua kama anayo, na wifi, mke wa kaka yangu, ndiye anayemuogesha na kumlisha. Yeye mwenyewe, baada ya mtoto wa tatu, mizani ilimsoma kilo 86, na presha yake ilikuwa imeanza kupanda.

“Wifi, nikianguka mie, nani atamnyanyua mama?” aliniuliza kwenye simu. Sikuwa na jibu.

Alikuwa amesikia kwamba mtu akipunguza chumvi hupungua mwili. Wiki ya kwanza alipungua kilo moja na nusu, akafurahi. Wiki ya pili hakupungua kitu. Wiki ya tatu, baada ya harusi ya jirani, aliongezeka nusu kilo. Akataka kuacha. “Hii habari ya chumvi ni uongo mtupu,” alisema.

Si uongo. Ila hakuna aliyemweleza chumvi inafanya nini mwilini, na wapi kazi yake inakomea. Mzazi mwenzangu, kama nawe unataka kupunguza uzito wako au wa watu wa nyumbani kwako, yafaa ulijue hili kabla hujakata tamaa kama alivyotaka kukata yeye.

Kilo ya kwanza ni maji

Chumvi haina mafuta wala sukari, na haitii nguvu mwilini kama wali au muhogo. Kwa hiyo chumvi peke yake hainenepeshi. Inachofanya ni kushika maji.

Mwili hutunza uwiano wa chumvi na maji katika damu. Lita moja ya majimaji hayo ina takriban gramu 9 za chumvi. Ukila chumvi nyingi, unasikia kiu, unakunywa, na maji yanabaki mwilini mpaka figo zitoe ile chumvi iliyozidi. Ndiyo maana siku ya pili baada ya karamu pete hubana kidoleni na viatu huwa vidogo. Ukipunguza chumvi, maji yale hutoka, na mizani hushuka haraka.

Hiyo ndiyo kilo na nusu ya wifi yangu. Mafuta yalikuwa bado pale pale. Na nusu kilo iliyorudi baada ya biriani la harusi, kwa sehemu kubwa, nayo ilikuwa maji. Hakuwa ameharibu kitu.

Je, basi ilikuwa kazi bure? Hata kidogo. Maji yanayozidi kwenye mishipa ni miongoni mwa yanayopandisha presha. Kupunguza chumvi kunashusha presha hata kama mizani haisogei, na hushusha zaidi kwa wale ambao presha yao imeshapanda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kama wanayo. Mama yetu alikuwa mmoja wao.

Chumvi inavyovuta soda na sahani ya pili

Kuna njia nyingine ambayo chumvi inaingia kwenye uzito, na hii ndiyo inayowahusu wazazi zaidi.

Kwanza ni kiu. Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa watoto na vijana zaidi ya 1,600. Walikuta kwamba wanaokula chumvi nyingi ndio pia wanaokunywa zaidi, na sehemu ya wanachokunywa ni soda na vinywaji vya sukari. Tazama mtoto anayetoka dukani na pakiti ya krispu. Mkono wa pili ameshika nini? Chumvi haikumnenepesha, lakini imemfikisha kwenye chupa.

Pili ni ladha. Chakula chenye chumvi huteremka vizuri, hata tumbo likiwa limeshatosheka. Watafiti wa Australia mwaka 2016 waliwapa watu wazima 48 mlo wa tambi kwa siku tofauti, mara ukiwa na chumvi kidogo, mara ukiwa na chumvi nyingi. Siku za chumvi nyingi walikula takriban asilimia 11 zaidi, bila mtu kuwalazimisha.

Kwa hiyo jibu la swali la wifi yangu ni hili. Kupunguza chumvi hakuyeyushi mafuta, lakini kunafungua njia. Kiu ya soda inapungua na sahani ya pili haivutii sana. Mafuta ya mwili hupungua pale unapopunguza chakula chenyewe, sukari na mafuta ya kukaangia, na kuushughulisha mwili.

Kiasi gani kinatosha?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hesabu hiyo ni ya chumvi yote, ya jikoni na iliyomo ndani ya mkate au samaki mkavu. Wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Nani anapima kwa kijiko? Ipo njia rahisi zaidi. Ukifungua pakiti ya chumvi ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Siku ikimalizika, hesabu. Nyumba ya watu sita, hata wangekuwa wote wazima, isingefaa kuzidi gramu 30 kwa siku, kwa hiyo pakiti ingedumu zaidi ya siku 16. Nyumbani kwa wifi, watu sita, watatu wakiwa watoto, pakiti ilidumu siku 10. Ni gramu 50 kwa siku, zaidi ya gramu 8 kwa kila kichwa. Kweli, nyingine ilimwagika na maji ya kuoshea samaki, lakini hapo hatujahesabu mkate wala ng’onda.

Chumvi usiyoiona

Wifi alipunguza mkono kwenye mchuzi, lakini chumvi ilikuwa ikiingia kwa mlango wa nyuma. Tulikaa tukaorodhesha:

Ng’onda, papa mkavu na samaki wengine waliotiwa chumvi. Hawa wamehifadhiwa kwa chumvi, hivyo mchuzi wao hauhitaji nyingine.

Vidonge vya supu na unga wa kuungia mchuzi. Sehemu kubwa ya kidonge ni chumvi. Anayetia kidonge kisha akatia na chumvi ametia mara mbili.

Mkate wa dukani, krispu, tambi za pakiti, soseji, achari, na embe mbichi ya chumvi na pilipili wanayouziwa watoto nje ya skuli.

Magadi ya kulainishia maharage. Hayana jina la chumvi, lakini yana sodiamu, kitu kile kile kinachopandisha presha. Kama pakiti ya chakula inaonyesha kiasi cha sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Gramu 1 ya sodiamu ni gramu 2.5 za chumvi.

Alichobadilisha jikoni

Hakuondoa chumvi kwa siku moja. Ulimi huzoea polepole, na baada ya wiki kadhaa kile kilichoonekana chapwa huanza kuwa na ladha yake. Alianza na robo pungufu, na hakumtangazia mtu. Kaka yangu hakugundua mpaka wiki ya tatu.

Ng’onda sasa analowekwa usiku, maji yanabadilishwa mara mbili, ndipo anapikwa. Mchuzi unatiwa chumvi mara moja tu, mwishoni, kwa kijiko, kwa sababu chumvi ya mwishoni husikika zaidi ulimini. Kifuu cha chumvi kimepandishwa kabatini, na juu ya mkeka wa kulia hakuna chumvi tena.

Pengo amelijaza kwa vitu ambavyo Pemba havikosekani: ndimu, tangawizi, kitunguu thomu, pilipili manga, bizari, kotmiri, ukwaju na embe mbichi ndani ya mchuzi. Chukuchuku ya samaki mbichi, ikikolea ndimu na pilipili, haidai chumvi nyingi. Wali wa nazi ameuacha bila chumvi kabisa, maana mchuzi unayo. Nazi yenyewe aliipunguza pia, kwa sababu tui zito lina mafuta mengi, na hapo ndipo uzito ulipo.

Ndizi mbichi, muhogo, majimbi, kunde na mboga za majani vina potasiamu, ambayo huisaidia figo kutoa sodiamu. Ni vyakula vya shamba lake mwenyewe. Alichohitaji ni kuongeza mboga kwenye sahani na kupunguza wali.

Kaka yangu alileta hoja ya wavuvi wote: “Sisi tunashinda juani, jasho linatoka na chumvi. Tukiipunguza si tutaanguka?” Mwili uliozoea joto hujifunza kubana chumvi yake, na chakula cha kawaida kinatosha kurudisha inayopotea. Anachohitaji zaidi akiwa baharini ni maji ya kunywa.

Punguza chumvi, usipoteze madini joto

Hapa wifi alikaribia kufanya kosa. Aliambiwa aache chumvi ya pakiti anunue chumvi ya mawe, eti ni ya asili na haipandishi presha. Si kweli. Ya mawe, ya unga, nyeupe au ya kijivu, zote ni sodiamu ile ile. Tofauti iliyo muhimu ni moja: je, imetiwa madini joto?

Madini joto hukinga rovu, ile tezi inayovimba shingoni, na hujenga ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni. Wengi visiwani wanaamini kwamba mla samaki hana haja nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu visiwa vya Zanzibar ulionyesha vingine. Unguja, kaya zaidi ya 6 kati ya 10 zilikuwa na chumvi yenye madini joto. Pemba, ilikuwa kama kaya 1 tu kati ya 100. Na vipimo vya mkojo vilionyesha kuwa watu wa Pemba walikuwa na upungufu wa madini hayo, pamoja na bahari yote inayowazunguka. Chumvi ya kukausha maji ya bahari, isipoongezwa madini joto, ina kiasi kidogo mno.

Kwa hiyo tumia chumvi kidogo, lakini hiyo kidogo iwe yenye madini joto. Soma pakiti. Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua, moto na unyevu, kwa sababu madini hayo hupotea. Kifuu kilichokaa wazi kando ya jiko si mahali pake.

Kwa watoto na wajawazito

Mtoto chini ya mwaka mmoja hahitaji kuongezewa chumvi. Figo zake bado changa. Teka uji au chakula chake kabla hujatia chumvi ya wakubwa. Nchini Uingereza wazazi hushauriwa wasizidishe gramu 2 kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3, na gramu 3 kwa wa miaka 4 hadi 6. Ladha anayoizoea sasa ndiyo atakayoidai akiwa mkubwa.

Mjamzito anayevimba uso au mikono, anayeumwa na kichwa au kuona ukungu, asijitibu kwa kuacha chumvi. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwani huenda ikawa dalili ya kifafa cha mimba. Anayetumia dawa za presha asiziache kwa sababu amepunguza chumvi. Na mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kabla ya kununua chumvi zinazouzwa kama mbadala, kwa kuwa nyingi zina potasiamu.

Mizani ya mwezi wa nne

Wiki iliyopita wifi alinipigia. Pakiti ya nusu kilo imedumu siku 17. Soda imebaki ya sikukuu, na chai ya jioni ina kijiko kimoja cha sukari badala ya vitatu. Mizani inasoma kilo 81. Presha imeshuka, ingawa ameambiwa arudi kupimwa kila mwezi.

Mama, ambaye maneno yake sasa hutoka kwa tabu, alionja mchuzi siku za mwanzo akaukunja uso. Siku hizi anamaliza sahani. Juzi wifi alipokuwa akimnyanyua kumkalisha, alimshika mkono akamwambia: “Mwanangu, umekuwa mwepesi.”

“Nimekuwa mwepesi ili nikunyanyue wewe, mama,” alimjibu.