Kabla ya kupeleka godoro kuukuu nyumbani

Mwisho wa mwaka ukikaribia, si ajabu kuona pikapu zikipanda barabara ya Murang'a kuelekea Kiriaini na Othaya zikiwa zimesheheni makochi, vitanda na magodoro. Mtu wa Nairobi au Thika amenunua vipya, na vile vya zamani anawapelekea wazazi. Vingine huuzwa kwa jirani kwa bei ya kutupa. Ni jambo zuri, ila msafiri mmoja hupanda pikapu hiyo bila kulipa nauli: kunguni.

Huenda hujui kama unao. Miili ya watu wengine haionyeshi alama yoyote baada ya kuumwa, hasa wazee. Wengine huwashwa na kutokwa na vipele, mara nyingi vikiwa vimepangana mstari mikononi, shingoni au usoni. Nimewaona wagonjwa walioacha kula mayai kwa miezi wakidhani ndiyo yanayowadhuru, kumbe adui yumo kitandani.

Kunguni hajathibitishwa kuambukiza watu UKIMWI wala malaria. Hata hivyo, kujikuna huleta vidonda vinavyoingia usaha, na usingizi hupotea. Wakizidi sana, mzee au mtoto mdogo aweza kupungukiwa na damu.

Hivyo basi, kabla ya kuuza au kupakia, chukua tochi ukague. Fungua mishono ya godoro, tazama chini ya kochi, kwenye nyufa za mbao na matundu ya skrubu. Kunguni mzima ana urefu wa milimita 5 hivi, na mayai yake ni meupe, ya milimita 1. Dalili iliyo rahisi kuonekana ni madoa meusi madogo kama ya wino. Hicho ni kinyesi chake.

Usidhani kwamba ukiweka kitanda stoo kwa muda watakufa njaa. Kunguni aweza kukaa miezi bila kunyonya damu, na penye baridi hudumu zaidi. Baridi ya Kiriaini ya mwezi wa Julai, ambayo sisi huilalamikia sana, kwake si kitu; hata ndani ya friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri anahitaji siku 4 ndipo afe. Anachoogopa ni joto. Chaga na mbao za kitanda zimwagie maji yanayochemka hadi kwenye nyufa, na matandiko yafuliwe kwa maji moto ya nyuzi 60. Kuanika godoro juani hakutoshi, maana hujificha upande wenye kivuli.

Sasa nifikie jambo linalonitia hofu zaidi. Wapo wanaonunua dawa ya kupulizia nyanya au ya kuogeshea ng'ombe na kuimwagia godoro. Tafadhali, usifanye hivyo! Baadhi ya dawa hizo hupenya ngozi na kuvutwa puani usiku kucha. Mtu akianza kutokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho zikawa ndogo na akapumua kwa shida, mkimbize hospitali pamoja na chupa ya dawa. Isitoshe, kunguni wengi siku hizi wamezoea dawa za jamii ya pareto, kama babu zao walivyoizoea DDT huko Hawaii kufikia 1947.

Meza, kabati na sufuria zikisafishwa vyema, peleka bila wasiwasi. Godoro la sponji au kochi lenye kunguni usimpe mtu, hata bure. Lichanechane kabla ya kulitupa ili asiliokote mwingine, wala usilichome uani: moshi wake una kaboni monoksidi na sianidi, sumu zinazoweza kuua.

Na kama godoro la mwaka jana tayari liko kwa mama, mpigie simu leo umwulize kama analala vizuri.